Kuhama fani ukiwa Tanga: mwongozo kamili wa kutafuta kazi kwa nguvu zote

Mwajiri anayesoma barua ya mtu anayehama fani anajiuliza swali moja: nikimchukua huyu akashindwa, hasara yangu ni kiasi gani? Aliyeifanya kazi hiyo kwingine kwa miaka 5 hamtii wasiwasi. Wewe uliyekuwa ukifundisha darasa la nne na sasa unaomba kazi ya ghala unamtia wasiwasi, hata kama ni mchapakazi kuliko huyo mwenzako. Kwa hiyo kila hatua iliyomo humu ina lengo moja, kumpunguzia mwajiri wasiwasi huo mpaka aone kukuajiri ni jambo la kawaida.

Nimeandika nikiwafikiria watu wa Tanga mjini na wilaya za jirani, kwa sababu kazi hutafutwa mahali, na kila mahali pana njia zake. Ushauri unaomfaa mtu wa Posta Dar es Salaam haumfai sana mtu wa Makorora.

Kwanza fedha na haki, kabla ya barua ya kuacha kazi

Kama bado una kazi, usiiache. Najua inachosha na huenda bosi anakukera, lakini mtu aliye kazini husikilizwa tofauti na mtu aliye benchi, na mwenye mshahara hakubali kila anachopewa. Tafuta huku unafanya kazi, hata kama itakubidi uamke saa kumi alfajiri.

Kisha fanya hesabu. Andika kila kinachotoka kwa mwezi: kodi ya nyumba, chakula, umeme na maji, ada, nauli, bando, na kile unachomtumia mama kijijini. Usikiache hicho cha mwisho, maana hakitasimama kwa sababu wewe umekosa kazi. Tuseme jumla ni shilingi 350,000 na akiba yako ni 900,000. Una miezi miwili na nusu, basi, na utafutaji wa mtu anayehama fani mara nyingi huchukua zaidi ya hapo. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia kama unahitaji kibarua cha pembeni tangu wiki ya kwanza. Kuanza kibarua mapema ni bora kuliko kukikimbilia ukiwa na deni dukani.

Sasa sheria, kwa sababu watu wengi hupoteza fedha zao kwa hasira ya siku moja. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayelipwa kwa mwezi hutoa au hupewa notisi ya siku 28. Mwajiri akikuachisha baada ya mwaka mmoja au zaidi wa kazi mfululizo, una haki ya kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, isipokuwa umeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Malipo ya likizo ambayo hukuichukua ni yako pia, na vilevile cheti cha utumishi kinachoonyesha ulifanya kazi gani na kwa muda gani. Cheti hicho kidai kabla hujatoka getini, kwa sababu ndicho kitakachokufaa zaidi katika utafutaji wako kuliko barua yoyote ya sifa.

Ukiona umeachishwa kwa uonevu, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30. Siku hizo zinakimbia, kwa hiyo usikae ukisubiri bosi apoe.

NSSF nayo ina fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na kupoteza kazi bila hiari yake hulipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Aliyeacha kazi mwenyewe halipati. Kama kampuni yako inapunguza watu na wewe ulikuwa karibu kuandika barua ya kuondoka, fahamu kuwa barua hiyo inaweza kukukosesha fao hilo na kiinua mgongo kwa siku moja.

Hama kwa mguu mmoja

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kazi yoyote ina pande mbili: unachokifanya, na unakofanyia. Mhasibu wa shule anafanya uhasibu, na anaufanyia shuleni. Anayetaka kuwa afisa usalama bandarini anabadilisha pande zote mbili kwa mpigo, na mwajiri hana cha kushikilia. Lakini mhasibu huyo huyo akiomba uhasibu kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, upande mmoja tayari ni wake. Akikaa humo mwaka mmoja na nusu, akajua nyaraka za mizigo, akafahamiana na watu wa getini na wa ghala, ule upande wa pili unakuwa rahisi. Amehama kwa miguu miwili, ila mmoja baada ya mwingine.

Chora mraba kwenye daftari. Upande mmoja andika kazi unazoziweza, upande mwingine andika maeneo unayoyafahamu na watu wanaokufahamu. Kazi unayoitamani iko wapi? Kama iko mbali pande zote mbili, tafuta kazi ya daraja, ile inayogusa upande mmoja wa kwako na upande mmoja wa huko unakokwenda.

Kwa Tanga, maeneo ya kuangalia ni haya.

Bandari imebadilika sana. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari, jambo lililokula muda na fedha. Upanuzi umeongeza kina kutoka mita 3 hadi 13, na gati zina urefu wa mita 450, kwa hiyo meli zinafunga moja kwa moja. Kwa mtafuta kazi maana yake ni kwamba kazi nyingi zaidi ziko nchi kavu: makarani wa kuhesabu mizigo, watu wa ghala, madereva wa malori, mafundi wa magari makubwa, mawakala wa forodha, wauza vilainishi na matairi, mama lishe. Wengi hutazama geti la bandari peke yake. Mimi ningetazama kampuni ndogo zinazoizunguka, kwa sababu huko ndiko mtu anayehama fani hupokelewa kwa urahisi.

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapa kwetu. Wengi wameweka matumaini yao huko na sina sababu ya kuwakatisha tamaa, lakini fahamu jinsi miradi ya namna hii inavyokwenda: ujenzi unahitaji watu wengi kwa muda mfupi, uendeshaji unahitaji watu wachache kwa muda mrefu. Ukipata nafasi ya ujenzi, ichukue ukijua ina mwisho, na uhakikishe unatoka na cheti cha usalama kazini, cheti cha huduma ya kwanza au cheti cha uchomeleaji, kitu ambacho kiwanda cha saruji kitakielewa.

Viwanda vya saruji Pongwe na Maweni, chokaa upande wa Amboni, maziwa ya Tanga Fresh na mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe vinahitaji mafundi umeme, mafundi mitambo, watu wa maabara, watunza stoo na madereva mwaka mzima. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893 na mpaka leo Bodi ya Mkonge ina makao yake Tanga. Vijana wengi huudharau wakidhani ni kukata majani tu, wakati kuna ufundi wa korona, yaani mashine za kutoa nyuzi kwenye majani, ubora wa nyuzi, usafirishaji nje na ugani kwa wakulima wadogo. Halafu kuna machungwa ya Muheza na viungo vya Amani, ambako anayejua kupanga ubora, kufungasha na kuandika ankara bila makosa hakosi pa kushika.

Chagua lengo moja na la akiba moja. Anayeomba kila kitu hueleweka kama mtu asiyejua anachotaka.

Kazi uliyoifanya iandike kwa lugha ya unakokwenda

Mchukue karani wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani. CV yake inasema: "Kuuza bidhaa na kuhudumia wateja." Sentensi hiyo haimwambii chochote meneja wa ghala. Mwulize karani huyo siku yake ikoje. Anapokea lori la saruji na kuhesabu mifuko mbele ya dereva. Anaandika iliyopasuka na kumtaka dereva asaini. Anapanga mzigo wa zamani mbele ili utoke kwanza. Anafanya hesabu ya stoo kila mwisho wa mwezi na kueleza upungufu. Hiyo ni kazi ya ghala kamili, ila haijaandikwa.

Sasa aandike hivi: "Nilipokea na kuhakiki mizigo ya saruji, nondo na mabati, niliandaa taarifa ya upungufu na uharibifu iliyosainiwa na dereva, nilifanya hesabu ya stoo kila mwezi." Kama ana takwimu za kweli, azitie: malori mangapi kwa wiki, aina ngapi za bidhaa. Asizibuni, kwa sababu msailiwa hutakiwa kueleza kila alichoandika, na swali la pili tu hufichua.

Zoezi ni hili: kusanya matangazo 10 ya kazi unayoitaka, hata yaliyokwisha muda. Pigia mstari maneno yanayojirudia. Kwa kila neno, andika siku halisi ulipofanya jambo hilo au linalofanana nalo. Usilolipata ndilo pengo lako, na mapengo mawili matatu yanazibika. Yakiwa nane, rudi kwenye mraba utafute daraja la karibu zaidi.

CV iwe kurasa mbili. Weka juu mistari mitatu inayosema wewe ni nani na unaelekea wapi, kisha ujuzi unaohusiana, kisha kazi kuanzia ya karibuni, kisha elimu, kisha wadhamini watatu ambao umeshawapigia simu na wanajua watakachoulizwa. Barua ya maombi ni ukurasa mmoja, na aya yake ya pili ijibu bila kuzungukazunguka kwa nini unahama. Usiilaumu kazi ya zamani. Sema unachokifuata na ulichokwisha kukifanya ili kukifikia.

Nyaraka

Hili halina utamu lakini limewanyima watu kazi. Uwe na namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, TIN, namba ya NSSF kama ulishawahi kuchangia, vyeti vya shule na chuo, na nakala zilizogongwa muhuri na wakili. Viskani vyote mara moja kwenye stesheneri, uvihifadhi kwenye barua pepe yako mwenyewe, siyo ya mwenye stesheneri.

Angalia majina. Kama cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanaisha na kitambulisho kinasema Aisha, lishughulikie sasa kwa kiapo kinachokubalika kisheria. Usingoje siku ya usaili.

Kazi za serikali huombwa kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na kujisajili ni bure. Soma masharti ya tangazo mpaka mwisho: umri usizidi miaka 45, barua isainiwe, na hati za matokeo za muda hazikubaliwi badala ya cheti. Aliyesoma nje ya nchi vyeti vyake vihakikiwe kwanza na TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya kati) au NECTA (shule) kulingana na ngazi. Jaza taarifa zako zote leo, kwa sababu tangazo likitoka na siku zikibaki chache, mtandao nao husumbua.

Watu

Tunasema kazi ni koneksheni, na wengi hulisema kwa kukata tamaa, kana kwamba koneksheni ni mjomba aliyezaliwa nao wengine. Katika mji kama Tanga koneksheni kubwa ni mtu aliyekuona ukifanya kazi vizuri. Mteja wako wa zamani, dereva uliyemhesabia mzigo bila kumwibia, mwalimu mwenzako ambaye mumewe yuko kiwandani Pongwe, uliyecheza naye mpira Mabawa. Hawa wanaweza kumwambia mwajiri neno moja ambalo CV haiwezi kulisema: huyu namjua.

Andika majina 50. Wengi wanaishia kwenye 15 wanaona wamemaliza. Endelea: pitia simu yako, kumbuka misikiti na makanisa, vikoba, wazazi wa wanafunzi, majirani wa Chumbageni ulikohama zamani. Kisha wapange: wanaofanya kazi unakotaka kwenda, wanaomjua anayefanya kazi huko, na wengine.

Usiwaombe kazi. Ukimwomba mtu kazi ambayo hana, anaona aibu na anaanza kukukwepa. Mwombe maarifa, maana hayo anayo. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Asalaam aleikum kaka. Habari za siku nyingi na hali ya nyumbani? Ni mimi niliyekuwa stoo ya vifaa vya ujenzi barabara ya nane. Nimeamua kuingia kwenye kazi za ghala la mizigo ya bandari. Siombi unitafutie kazi. Naomba dakika kumi unieleze hapo kwenu mtu wa ghala anatakiwa ajue nini. Naweza kuja muda wowote baada ya saa kumi jioni."

Mtu mzima usimtumie ujumbe kwanza, mpigie. "Shikamoo mzee. Naitwa fulani, mtoto wa bwana fulani wa Makorora." Ngoja aitikie marahaba, mjulie hali, ndipo useme shida yako kwa kifupi. Anayeruka salamu hupoteza mlango kabla haujafunguliwa, na hili silisemi kwa ajili ya adabu tu. Mzee huyo anapima kama unaweza kupelekwa mbele ya rafiki yake bila kumtia aibu.

Ukikutana naye, uliza maswali manne: Siku yako inaanzaje na inaishaje? Mgeni kwenye kazi hii hukosea wapi? Kwa mtu kama mimi, unaona nini kinapungua? Nani mwingine ungenishauri nizungumze naye? Swali la mwisho ndilo linalogeuza majina 50 kuwa 80. Jioni yake tuma shukrani. Baada ya wiki mbili mweleze ulichofanya kutokana na ushauri wake. Watu humsaidia mtu wanayemwona anasogea.

Kuna pia kwenda kwa miguu, au kwa baiskeli kama ilivyo desturi ya mji wetu. Karakana, maghala na kampuni ndogo hazitangazi. Nenda asubuhi kati ya saa mbili na saa nne, umevaa safi lakini siyo suti, ukiwa na CV kwenye bahasha. Mlinzi wa geti msalimie kama unavyomsalimia meneja. Yeye anajua nani anahusika na ajira, siku gani yupo, na nani ameacha kazi wiki iliyopita. Usilazimishe kuingia. Mwulize jina la afisa anayehusika na siku nzuri ya kurudi, kisha urudi siku hiyo.

Ukipewa kibarua cha siku tatu, kipokee kama kiko kwenye njia yako, ukikubaliana malipo mwanzoni. Hakuna kinachomtoa mwajiri wasiwasi kama kukuona mwenyewe. Kujitolea bure ni jambo jingine. Ningeweka kikomo cha wiki chache, kwa makubaliano ya maandishi ya nini utajifunza. Nimeona vijana wakishikwa na "jitolee kwanza" mwaka mzima, na kazi wanayoifanya ni ya mtu anayestahili kulipwa.

Kusoma: lini na nini

Usikimbilie chuo kwa sababu umekosa la kufanya. Kwanza waulize waajiri watatu: nikiwa na cheti hiki, mtaniita kwenye usaili? Wakisita wote, hifadhi ada yako.

Kwa aliyejifunza ufundi mtaani, VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi magari, mwashi, seremala au mpishi hupimwa kwa anachokiweza, huzibiwa mapengo na kupewa cheti. Ulizia VETA Tanga mafunzo yanaanza lini. Kwa anayetaka uwakala wa forodha kuna cheti cha Afrika Mashariki cha fani hiyo, kinachofundishwa na Chuo cha Kodi, na kampuni nyingi hukiangalia. Kwa viwanda na miradi, kozi fupi za OSHA za usalama na huduma ya kwanza humtofautisha mtu na kundi kwa gharama isiyo kubwa. Kompyuta nayo usiipuuze. Mtunza stoo anayejua Excel vizuri anashindana na watu wachache sana.

Wiki ya mtafuta kazi

Utafutaji wa nguvu zote ni kazi ya saa, ina kuingia na kutoka. Kwa asiye na kazi, saa sita kwa siku zinatosha. Jumatatu ni ya matangazo na kuandika maombi mawili au matatu yaliyotengenezwa kwa kila nafasi, siyo barua moja iliyobadilishwa jina. Jumanne hadi Alhamisi toka, onana na watu, tembelea mageti. Ijumaa asubuhi fuatilia kwa simu, na usipange miadi kati ya saa sita na saa nane mchana, watu wako kwenye swala. Jumamosi ni ya kujifunza na mazoezi ya usaili. Jumapili pumzika, kwa sababu anayetafuta bila kupumzika huanza kusikika amechoka hata kwenye simu.

Aliye kazini atapata saa nane au kumi kwa wiki. Azitumie zaidi kwa watu kuliko kwa matangazo.

Weka daftari lenye mistari minne: tarehe, nani, tulizungumza nini, nifuatilie lini. Baada ya mwezi lisome. Kama umeomba sana na huitwi, tatizo liko kwenye CV au kwenye lengo lenyewe. Ukiitwa na hupati, tatizo liko kwenye usaili. Kama watu wanakupa ushauri lakini hawakutajii majina mengine, huenda hawajaelewa unatafuta nini, au hawajakuamini bado. Kila tatizo lina dawa yake, na anayeongeza idadi ya barua pale ambapo tatizo ni usaili anajichosha bure.

Usaili na mshahara

Swali la kuhama fani litakuja. Andaa jibu la dakika moja lenye sehemu tatu: nilikuwa nafanya hiki, nikagundua sehemu ninayoiweza zaidi ni hii, ndiyo maana nimefanya hiki na hiki kujiandaa. Jizoeze mbele ya mtu atakayekukatiza. Halafu andaa visa vitatu vya kweli: ulipotatua tatizo, ulipogombana na mtu kazini na mkamaliza vipi, ulipokosea na ukarekebisha. Wakikuuliza kama una swali, uliza: "Mtu wa nafasi hii akifanya vizuri miezi mitatu ya mwanzo, atakuwa amefanya nini?" Jibu lake litakuonyesha wasiwasi wao uko wapi, nawe uujibu palepale.

Kuhusu mshahara, jua tofauti ya unaotajwa na unaoingia mkononi. Mfano wa shilingi 500,000: mchango wako wa NSSF wa asilimia 10 ni 50,000, inabaki 450,000. Kodi ya PAYE haikatwi kwenye 270,000 za kwanza, na ngazi inayofuata ni asilimia 8, yaani 14,400. Unapokea 435,600. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, asilimia 15 ya mshahara hukatwa pia, yaani 75,000, na mkononi zinabaki 360,600. Sasa linganisha na yale matumizi ya 350,000 tuliyoanza nayo, halafu kazi yenyewe iko Maweni na wewe unakaa Sahare. Nauli ya kila siku inaweza kuamua kama kazi hiyo inawezekana. Anayehama fani mara nyingi hushuka mshahara mwanzoni, na hilo linakubalika ukijua unashuka mpaka wapi na kwa muda gani. Omba mshahara uangaliwe upya baada ya miezi sita, na ombi hilo liandikwe.

Matapeli na wanaotaka kukutumia

Hakuna mwajiri wa kweli anayekuomba "hela ya fomu", "hela ya sare" au "hela ya daktari" kwa namba ya simu. Likitajwa jina la bandari au la mradi wa bomba, ongeza tahadhari, kwa sababu matapeli hupenda majina makubwa. Thibitisha kwa kwenda ofisini. Kazi za ndani na za udereva Uarabuni zipitie wakala mwenye leseni, na mkataba usomwe na mtu unayemwamini kabla ya pasipoti kutoka mikononi mwako.

Dada zangu, anayedai mwili wako ili akupe kazi anatenda kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi ujumbe, andika tarehe, piga TAKUKURU namba 113. Hiyo siyo gharama ya kawaida ya kutafuta kazi na hupaswi kuilipa.

Ukishaitwa kazini

Dai maelezo ya kazi kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza: cheo, majukumu, kituo, mshahara, saa. Kwa sheria saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na za ziada hulipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Ujue pia kwamba mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hana kinga kamili dhidi ya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo miezi hiyo fika mapema, uliza sana, na andika unachofundishwa.

Wiki ya kwanza wapigie wote waliokusaidia, hata yule ambaye ushauri wake haukuzaa kitu. Na mwezi wa pili pita ofisi ya NSSF na kitambulisho chako, uangalie kama mchango uliokatwa kwenye mshahara umefika.